Jina la kazi

Jina la kazi ni sifa inayomtangulia mtu katika shughuli zake: anavyoitwa, anachotegemewa kwacho, na anavyosimuliwa akiwa hayupo. Katika vitabu vya biashara huitwa chapa binafsi. Vijana wa mjini husema kujibrandi. Fikra hiyo ilienea sana baada ya Mmarekani Tom Peters kuandika makala katika jarida la Fast Company mwaka 1997, akimtaka kila mfanyakazi ajitangaze kama bidhaa yenye nembo yake. Mkoani Mara jambo lenyewe ni la zamani kuliko makala hiyo, tena linaanzia upande wa pili. Jina hutolewa na waliohudumiwa, na mwenyewe huachiwa kulitunza.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka Butiama. Julius Nyerere alizaliwa huko tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Julius ni jina la ubatizo, la mwaka 1943. Haya mawili alipewa na ukoo na kanisa. La tatu, lile ambalo Mtanzania akilitaja peke yake hakuna anayeuliza ni nani, alilipata kazini: Mwalimu.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora na Makerere. Mwaka 1946 alianza kufundisha St. Mary's, Tabora, na aliporudi kutoka masomoni Edinburgh akafundisha Pugu. Mwaka 1955, akiwa tayari kiongozi wa chama cha TANU, ilimbidi achague ualimu au siasa, akaacha kazi. Alirejea kwao Mara, na huko akawa anawafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll. Chaki aliiweka chini, kufundisha hakukuacha. Ukijumlisha miaka yake yote ya ualimu wa kuajiriwa, haifiki 7. Urais aliushika karibu miaka 23, kuanzia Desemba 1962 hadi Novemba 1985. Hata hivyo cheo kikubwa hakikulifunika jina la kazi ndogo.

Lilidumu kwa sababu aliendelea kuishi kama mwalimu. Hotuba zake zilikuwa somo: aliuliza swali, akanyamaza kidogo, akalijibu kwa Kiswahili ambacho mkulima alikielewa. Alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapwa mwaka 1963, akafuatisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, na alipong'atuka alirudi Butiama kulima. Wanaotaka kumwiga hukosea hapa, kwa maoni yangu: wanachukua kifimbo chake na kofia yake, wakidhani hivyo ndivyo vilivyobeba jina. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake, ambako makumbusho yanatunza vitu vyake. Siku hizi hospitali ya rufaa ya mkoa, mjini Musoma, ina jina lake, na vilevile chuo kikuu cha kilimo na teknolojia cha Butiama.

Kutoka Bunda kuna Joseph Sinde Warioba, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1940. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, lakini wengi humwita Jaji. Tume yake ya mwaka 1996 iliyochunguza rushwa ilijulikana kwa jina lake, na rasimu ya Katiba aliyoikabidhi mwishoni mwa mwaka 2013 wananchi waliiita Rasimu ya Warioba. Mtu akifika mahali ambapo hati ya umma inatambulika kwa jina lake, hahitaji tangazo.

Si jambo la wakubwa tu. Katika mialo ya Musoma, dagaa wakianikwa chini hubeba mchanga. Wakianikwa juu ya chanja hutoka safi. Mnunuzi mzoefu hategemei maneno. Huchota kiasi kiganjani, husugua kwa dole gumba, hupuliza, kisha hutazama kilichobaki. Kikiwa mchanga, anasogea meza ya pili. Kikiwa magamba matupu, anauliza: "Mama, huu mzigo ni wa nani?" Baada ya misimu michache jibu la swali hilo huwa mali. Wateja wa mbali huagiza gunia kwa simu bila kuliona, na katika bei wanayokubali imo thamani ya lile jina. Gunia moja lililochanganywa linatosha kulivunja, ndiyo maana mama anayejua biashara hukubali kukosa oda kuliko kujazia mzigo wa mtu asiyemjua.

Kwa waajiriwa, jina la kazi hukaa kwa wadhamini waliotajwa mwishoni mwa wasifu. Mdhamini akipigiwa, huulizwa yale ambayo karatasi haisemi: anawahi kazini, fedha za ofisi anazirejesha na risiti?

Simu ya mkononi imekuwa daftari jipya la majina haya. Namba huandikwa kwa kazi na mahali: Fundi Friji Bunda, Boda Nyasho, Mama Dagaa. Jina la kwenye kitambulisho huenda halijulikani kabisa. Kazi mpya huja kwa sentensi moja, "Shikamoo fundi, nimepewa namba yako na jirani," na hapo nusu ya maelewano yamekwisha. Fundi akila malipo ya awali na kutoonekana, namba yake mara nyingi haifutwi. Mteja huifungua, akaongeza neno "tapeli" mbele ya jina, akaihifadhi, ili jirani mwingine akija kuomba fundi amwonyeshe.