Ndizi ya kuponda katika nchi ya majani chai

Katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho, mfanyakazi wa shamba alipewa posho ya unga wa mahindi. Ndizi haikuwamo katika hesabu ya kampuni. Ilipanda na watu, hasa Wagusii waliotoka Kisii kuja kuchuma majani katika nchi ya Wakipsigis, watu wa mursik, yaani maziwa ya mgando, na ugali wa wimbi.

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko huchelewesha mkungu. Ndiyo maana ndizi nyingi za kupika zilitoka chini, Kisii, zikapita Keroka, Chebilat, Sotik na Litein. Waliozibeba, wengi wao wanawake wa sokoni, hawana jina katika vitabu vya mashamba. Kwangu mimi wao ndio waanzilishi wa ndizi ya kuponda.

Mapishi yenyewe hayana siri. Paka mafuta mikononi utomvu usikugande, menya ndizi mbichi kwa kisu, chemsha na chumvi mpaka zilainike. Mwaga maji, ila bakiza kidogo, kwani ndizi iliyopondwa kavu huwa ngumu ikipoa. Ponda kwa mwiko zingali moto, ongeza maziwa au siagi, kisha kitunguu kilichokaangwa. Chai ya maziwa kando. Anayeingia shambani alfajiri hushiba mpaka majani yapimwe mizani ya kwanza.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika Jamhuri ya Dominika, kifungua kinywa cha namna hii huitwa mangú, nacho huliwa na kitunguu chekundu kilicholowekwa kwenye siki. Husimuliwa kwamba padri Tomás de Berlanga alipeleka migomba kwenye kisiwa iliko nchi hiyo mwaka 1516. Mikono ya Waafrika waliotumikishwa utumwani ndiyo iliyoponda ndizi zake. Huko pia mashamba makubwa yaliwakusanya watu mbali na kwao, nao wakapika walichokijua.

Huku Kericho, njia ya ndizi imewahi kufungwa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Chebilat, mpakani mwa Wakipsigis na Wagusii, paligeuka uwanja wa mapigano, na jirani akamwogopa jirani. Biashara ilirudi polepole. Siku hizi mwenye chai yake Bomet hupanda migomba michache karibu na zizi, penye mbolea, na mikungu ya Kisii bado inashushwa Sotik.