Alama Sita kwa Chungu cha Shangazi

Ndani ya sanduku la bati nililorithi kwa marehemu baba ninayo kaunta buku moja kuukuu. Niliianza mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana katika Wilaya ya Mbozi, wakati huo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe haukuzaliwa hadi 2016. Kila bia mpya niliyoionja niliiandikia jina, tarehe, mahali, rangi, povu na uchungu wake, kisha nikaipa alama chini ya kumi. Alama niliziandika kwa wino mwekundu. Ndiyo, msomaji, kama madaftari ya hesabu ya darasa la tano. Walimu wenzangu walinibandika jina la Mkaguzi, na baadhi yao walikuwa wakiniletea chupa ili wapate kunicheka nikiinusa.

Mtu mwenye uraibu wa namna hiyo hakuwa na mahali pazuri pa kukaa kuliko jirani na Tunduma. Miaka ile bia ilikuwa adimu nchini. Kreti ilitafutwa kwa kujuana, na arusi iliweza kuahirishwa kwa kukosa kinywaji. Lakini Tunduma ni mji uliokaa mlangoni. Ukivuka barabara uko Nakonde, nchi ya Zambia, na huko ndiko tulikopata Mosi, iliyopewa jina la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Upande wetu palikuwa na Safari, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, nayo ilisafiri zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam kabla ya kutufikia.

Nikizisoma leo kurasa zile nagundua kwamba alama zangu hazikupima ufundi wa mpishi wa bia. Zilipima safari. Bia moja, chapa ile ile, ilipata saba mwezi Julai na nne mwezi Oktoba, na tofauti pekee ni kwamba mwenye duka mmoja aliyapanga makreti nje ukutani, jua la Oktoba likiyachoma tangu asubuhi. Masikini mtengenezaji! Nilimfelisha kwa kosa la mwenye duka.

Sikujua wakati huo kwamba duniani walikuwapo wengi wenye ugonjwa kama wangu. Uingereza, tangu mwaka 1971, wanywaji walikwisha unda chama cha kuitetea bia ya asili isizikwe na bia ya viwanda vikubwa. Mwaka 1977 Mwingereza Michael Jackson, asiye na undugu wowote na yule mwimbaji, alitoa kitabu cha kuzipanga bia za dunia kwa aina zake. Mimi nilidhani ni peke yangu niliyewaza kumwekea kinywaji daftari.

Hata hapa kwetu sikuwa wa kwanza. Baba yangu alifanya kazi migodini Kitwe katika miaka ya 1950, kama walivyofanya Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali wengi waliovuka mpaka kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Alirudi na sanduku hili la bati, baiskeli, na neno moja: chibuku. Alikuwapo Kitwe, katika miaka hiyo hiyo, mtengenezaji wa pombe aitwaye Max Heinrich, aliyeanza kuipika kiwandani pombe nzito ya nafaka waliyoizoea Waafrika. Jina lake, kama linavyosimuliwa hadi leo, lilitokana na kitabu. Heinrich aliwauliza wanywaji wameionaje, akayaandika majibu yao katika buku, na pombe ikaitwa ile ya buku, chibuku. Baadaye ilitengenezwa Dar es Salaam pia, na sisi tukaitamka kibuku.

Habari hiyo hunipendeza kuliko ninavyoweza kueleza. Wachimba shaba waliotoka kazini na vumbi masikioni waliulizwa maoni yao, na mtu akayaandika! Katika nchi ya kikoloni, ambako Mwafrika hakuulizwa juu ya mshahara wake wala nyumba yake, aliulizwa juu ya pombe yake. Bila shaka mwenye buku alikuwa anatafuta faida. Hata hivyo naona aliuliza swali zuri kuliko langu. Mimi nilijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Tena pombe ya namna ile haikubali alama moja. Huendelea kuchachuka ndani ya pakiti, ndiyo maana Wazambia huitikisa kabla ya kunywa na kuiita Shake Shake. Ya leo ni tamu na changa, ya kesho kutwa imekomaa, na siku mbili tatu baadaye imekuwa kali na chachu. Wazee wa Nakonde hawakuuliza ni pombe gani. Walisoma tarehe, wakahesabu siku kwa vidole, ndipo wakachagua.

Sasa nifike kwa Shangazi, ambaye ndiye aliyenisukuma kuandika kurasa hizi.

Shangazi alipika kimpumu, pombe ya ulezi ya Unyamwanga. Ulezi huloweshwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa na kusagwa ukawa kimea. Unga mwingine wa ulezi hupikwa, huchanganywa na kimea hicho, kisha huachwa uchachuke hata uwe mzito. Pombe haichujwi. Chungu huwekwa katikati, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hufyonza kwa mirija. Maji yakipungua, yanaongezwa mengine. Upande wa pili wa mpaka, mtafiti Audrey Richards aliishi kwa Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katika kitabu chake cha mwaka 1939 aliandika kwa kirefu juu ya pombe yao ya ulezi, akiihesabu pamoja na chakula. Alikuwa na haki. Chungu kile kilishibisha, kililipa wasaidizi wa shamba na kilimaliza ugomvi wa mipaka.

Tarehe 12 Agosti 1989 nilikaa kwenye chungu cha Shangazi, nikavuta mrija mara mbili, nikatoa daftari.

“Umeandika nini, baba?” akaniuliza. Hakujua kusoma.

“Nimekupa sita, Shangazi.”

“Kati ya ngapi?”

“Kumi.”

Akacheka mpaka akakaa chini. “Maji ya ngapi hayo uliyokunywa?”

“Ya kwanza.”

“Ya kwanza ni ya wenye haraka. Ngoja ya tatu.”

Sikungoja. Nilikuwa na basi la kuwahi.

Shangazi alifariki mwaka 2004. Katika miaka iliyofuata ulezi ulizidi kuyapisha mahindi mashambani, na vijana wa mpakani wakahamia kwenye pombe kali za vifuko vya plastiki. Zambia ilizipiga marufuku tujilijili mwaka 2012, nasi tukavikataza viroba tarehe 1 Machi 2017. Bia za chupa nazo zilisogea karibu, kiwanda kikafunguliwa Mbeya mwaka 2009, na kaunta buku yangu ikajaa. Nilistaafu mwaka 2022 nikiwa na bia zaidi ya 200 zilizosahihishwa.

Mwaka huo binti yake alinijia nyumbani. Alitaka kuipika kimpumu ya mama yake, amejaribu mara mbili, imemshinda. Alikumbuka kwamba mama alikuwa akisugua kimea kwa kidole gumba, na kwamba aliinamisha sikio juu ya chungu kusikiliza, lakini alisikiliza nini? “Kaka,” akasema, “si wewe uliyekuwa unaandika?”

Nikafungua sanduku. Ukurasa ulisema: Kimpumu, kwa Shangazi. Rangi kahawia. Povu hakuna. 6.

Hayo tu. Juu yake, siku hiyo hiyo, palikuwa na mistari tisa juu ya chupa moja ya Mosi.

Tangu hapo tumekwisha kupika vyungu vinne pamoja. Cha kwanza kiligeuka siki, cha pili tulikimwaga. Cha nne tulikifungua Juni 2023, tukamwita mzee mmoja aliyekinywa cha Shangazi kwa miaka mingi. Alikaa, akachukua mrija, akanyamaza. Tukaongeza maji, akanyamaza. Maji ya tatu yalipokwisha aliupangusa mrija kwa kiganja, akasema kimea kimepigwa jua siku moja zaidi ya ilivyopasa, na kwamba yule mama alikuwa akikianua kikiwa bado na ubaridi kidogo ndani.

Nikaliandika hilo, pamoja na tarehe.