Babu wa Washauri wa Ndoa Alikuwa Msee wa Tende

Wasee, siku hizi ukifungua simu tu, kuna mtu ameketi mbele ya maikrofoni akikueleza vile ndoa inafaa kuendeshwa. Mke afanye hivi, mume asifanye vile. Na huko kwa komenti swali huwa ni lile lile: "Kwani wewe umesomea wapi?" Swali ni poa, lakini nimekuwa nikisoma historia ya hii kazi na naona linaishia njiani. Hebu twende Marekani kidogo, kwa sababu huko ndiko masomo ya uzamili ya tiba ya ndoa na familia yalikoanzia kabla ya kufika kwetu. Na yalianza kwa vituko, manze.

Kuna jamaa anaitwa Paul Popenoe. Mwanzoni kazi yake haikuhusu ndoa hata kidogo, alishughulika na tende. Alitumwa hadi Algeria na Basra, Iraq, kutafuta miche ya mitende ya kupandwa California, na mwaka wa 1913 akaandika kitabu kizima kuhusu kilimo hicho. Chuo kikuu alikiacha bila shahada. Ile "Dk." ya mbele ya jina lake ilikuwa ya heshima tu, aliyopewa na chuo kimoja cha Los Angeles mwaka wa 1929. Mwaka uliofuata akafungua taasisi ya ushauri wa ndoa mjini humo, na baada ya miaka michache alikuwa jina kubwa. Kuanzia 1953, jarida la wanawake la Ladies' Home Journal lilikuwa likichapisha kila mwezi visa vya ndoa kutoka kwa mafaili ya taasisi yake, na mamilioni walisoma.

Lakini alitaka nini hasa? Popenoe aliamini binadamu wanaweza kuchaguliwa kama mbegu. Wale aliowaona "bora" wakae kwa ndoa na wazae sana, na wale aliowaona "dhaifu" wazuiwe kuzaa kabisa. Mwaka huo huo wa 1929 alishirikiana kuandika kitabu cha kusifu sheria ya California ya kufunga watu uzazi, sheria ambayo hatimaye iliwapata watu karibu 20,000. Wanazi walipopitisha sheria yao mwaka wa 1933, aliisifu pia kwa maandishi. Kwa hivyo mume na mke walipoingia ofisini mwake wakilia, walidhani huyu mtu anawajali wao, kumbe yeye alikuwa na hesabu zake za kizazi.

Ndiyo maana nasema swali la "umesomea wapi" halitoshi. Hata angekuwa na shahada tatu, shida ingebaki: hakuna mtu aliyekuwa akiangalia anachofanya mlango ukifungwa.

Si wote walikuwa kama yeye. Kule Philadelphia, Emily Mudd alianza kituo cha ushauri wa ndoa mwaka wa 1932, na baadaye kikawa mahali pa kufundishia wengine. Mwaka wa 1942 washauri wa aina hii wakaunda chama chao cha kitaifa. Wengi walikuwa madaktari, na kushauri wanandoa ilikuwa kazi ya pembeni.

Mambo yalibadilika miaka ya 50, na yalibadilishwa na watu ambao hata hawakuwa wakishughulika na ndoa. Daktari Murray Bowen, kati ya 1954 na 1959, aliwalaza hospitalini watu wenye skizofrenia pamoja na familia zao. Si mgonjwa peke yake, familia nzima iliishi wadini. Kule Palo Alto, Gregory Bateson na wenzake walikuwa wakichunguza vile watu wa familia moja wanavyoongea. Sehemu ya nadharia zao haikudumu, hasa ile iliyoelekea kuwalaumu wazazi kwa ugonjwa huo. Lakini wazo moja lilibaki: wakati mwingine shida haiko ndani ya mtu mmoja, iko katikati ya watu. Ukimtibu mtoto pekee halafu umrudishe nyumba ile ile, bado hujafanya kitu.

Sasa kuja kwa huyu ninayemkubali zaidi. Salvador Minuchin, daktari mzaliwa wa Argentina, alifanya kazi katika shule ya wavulana ya Wiltwyck, jimbo la New York. Wengi wa vijana hao walikuwa Waamerika weusi na Wapuerto Riko kutoka mitaa maskini ya jiji. Yeye na wenzake waliamua kuziita familia zao, lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa kushughulikia familia. Wakafanya nini? Wakaweka kioo ukutani, kile ambacho ukiwa upande mmoja unajiona mwenyewe, na aliye upande wa pili anakuona wewe. Mmoja anaongea na familia, wengine wako nyuma ya kioo wakitazama. Kikao kikiisha, wanamuuliza: mbona ulimnyamazisha mama? Mbona baba hukumuuliza kitu? Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka wa 1967.

Baadaye, akiwa Philadelphia, Minuchin pamoja na Jay Haley na Braulio Montalvo walifanya jambo la ujasiri zaidi. Walichukua watu wa kawaida wa mitaa maskini, wasio na digrii, wakawafundisha kuwa washauri wa familia. Kila kikao kilisimamiwa moja kwa moja, mwalimu akiwa nyuma ya kioo. Waliamini mtu wa mtaa anaijua lugha na maisha ya familia za mtaa, na wakamwekea macho ya kumsahihisha.

Sheria nayo ilikuja polepole. California ilikuwa jimbo la kwanza kutoa leseni ya kazi hii, mwaka wa 1963, na ilipofika 2009 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria kama hiyo. Leo ukitaka leseni California, lazima uwe na shahada ya uzamili au zaidi, halafu ufanye saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua wiki 104. Mimi naona hizo saa 3,000 ndizo moyo wa masomo haya. Darasani unasoma kina Bowen, lakini ni msimamizi ndiye anayekukamata ukianza kuingiza hesabu zako kwa ndoa ya mtu.

Turudi nyumbani. Kenya ilipata sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka wa 2014, na bodi ya kuwasajili. Mwaka huo huo Sheria ya Ndoa ikatambua upatanishi wa kanisa na wa kimila. Uzamili wa tiba ya ndoa na familia unasomwa hapa hapa Nairobi, chuo kikuu cha PAC kikiwa mfano. Lakini ni doh ngapi hizo? Wengi wetu bado tutaenda kwa wazee, kwa mchungaji, au Pwani kwa somo wa bibi harusi. Siwadharau. Watu wa Philadelphia walionyesha mtu asiye na digrii anaweza kufanya kazi hii vizuri.

Ninachokataa ni mtu asiyeangaliwa na yeyote. Mtaani kwetu kuna mama aliambiwa avumilie, akavumilia hadi akavunjwa mkono. Aliyemshauri hakuwahi kuulizwa na mtu, "Kwa nini ulimwambia hivyo?" Alihudumia wengine wiki iliyofuata kama kawaida.

Kwa hivyo ukienda kwa mshauri, mwenye digrii au mzee wa kanisa, muulize pia: nani anakusimamia? Ukikwama na kesi unampigia nani? Ukinikosea nitalalamika wapi? Kama hana jibu, chukua mkoba wako uende. Na huyo wa maikrofoni, mwenye wafuasi laki tatu, muulize vile vile. Wanaomtazama ni wengi kweli, lakini hakuna hata mmoja aliye na uwezo wa kumsimamisha.