Karatasi Mlangoni kwa Mfalme

Miaka michache iliyopita nililetewa kijitabu cha usalama wa malori ya mafuta nikitie katika Kiswahili. Kurasa za mwanzo tu nikakutana na neno placard. Sikuumiza kichwa, nikaandika bango. Mhariri aliponirudishia kazi, pembeni mwa ukurasa alikuwa amechora lori la mafuta, tangi na magurudumu yake yote, na juu ya tangi ameketi mtu kainua fimbo yenye karatasi: TUNATAKA MSHAHARA. Chini ya mchoro hakuandika kitu.

Nilicheka, kisha nikaanza kulifuatilia neno lenyewe, maana nililidhani jepesi.

Asili yake ni kubandika. Waholanzi wa zamani walikuwa na kitenzi placken, kubandika au kukandika, kama fundi anavyokandika udongo kwenye fito. Wafaransa wakawa na plaquier, na humo likazaliwa placard. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 15, halikuwa neno la wagomaji hata kidogo. Lilikuwa hati ya serikali: waraka bapa, usiokunjwa, wenye muhuri wa mkubwa, unaotoa kibali au amri. Zama hizohizo mafundi wa deraya walilitumia kwa bamba la chuma lililomkinga askari kifuani na tumboni. Yaani kitu chochote bapa kilichowekwa juu ya kingine kilistahili jina hilo. Wafaransa waliendelea nalo mpaka likawa kabati la ukutani, na leo aliyesomea Kifaransa Lubumbashi au Bukavu, ukimtajia placard, atawaza pa kutundika mashati yake.

Nani alilitoa neno hili mikononi mwa wakubwa? Hakuna siku moja ya kuishika, ila upo usiku mmoja unaofaa kusimuliwa. Kuamkia tarehe 18 Oktoba 1534, watu wasioonekana walipita Paris, Orléans, Blois na Tours wakibandika karatasi zilizochapishwa, zote zikiishambulia Misa ya Kikatoliki kwa maneno makali. Mwandishi wake alikuwa Antoine Marcourt, mchungaji wa Neuchâtel, mji wa Uswisi ya leo, na mchapaji alikuwa Pierre de Vingle wa hukohuko. Karatasi moja ilikutwa Amboise, katika jumba alimokuwa Mfalme Francis wa Kwanza, imebandikwa kwenye mlango wa chumba chake cha kulala.

Mlango wa chumba cha kulala! Matusi yale mfalme angeweza kuwaachia maaskofu wayajibu. Lakini aliyebandika alipita walinzi, akafika hatua chache kutoka kitandani, akaondoka salama. Kabla ya hapo Francis alikuwa mpole kiasi kwa wasomi waliotaka mageuzi ya dini. Upole ukaisha. Watu wakakamatwa, wengine wakachomwa moto hadharani. Mnamo Januari 1535 akapiga marufuku uchapaji wa vitabu nchini kote, amri ambayo haikudumu, na tarehe 21 mwezi huohuo akatembea kwa miguu katika maandamano ya toba mjini Paris, kichwa wazi, mshumaa mkononi. Siku hiyohiyo moto uliwashwa tena kwa ajili ya washtakiwa. Kijana mmoja msomi aliyeitwa Jean Calvin aliona hapakaliki, akakimbilia Basel. Wafaransa hadi leo hulitaja tukio lile kwa jina la karatasi zenyewe: mkasa wa placards.

Kwa Waholanzi mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Kwao plakkaat ilibaki kuwa amri ya mtawala, na Kaizari Charles wa Tano alizitoa nyingi dhidi ya waliohesabiwa wazushi wa dini. Ile ya mwaka 1550 ilikuwa katili kiasi cha kuitwa plakkaat ya damu. Miaka 31 baadaye, tarehe 26 Julai 1581, wawakilishi wa majimbo yaliyoasi walitangaza kwamba Philip wa Pili, mwana wa Charles huyohuyo, si mtawala wao tena. Hati hiyo waliiita nini? Plakkaat. Sidhani walikosa jina jingine. Nahisi walijua wanachofanya: chombo kilichozoea kushuka kutoka juu sasa kilipandishwa kutoka chini.

London ya karne ya 19 naipita haraka. Huko matangazo yalifunika kuta mpaka kuta zikaisha, ndipo wenye biashara wakawaajiri maskini wavae mbao mbili, moja kifuani na moja mgongoni, wazunguke mitaani kama kuta zenye miguu. Jambo moja tu linanigusa hapo: karatasi iliacha ukuta ikamfuata mtu. Mtu akishaibeba kwa ajili ya sabuni ya tajiri, atakosaje kuibeba kwa ajili ya shida yake mwenyewe?

Memphis, Marekani, mwaka 1968, waliibeba kwa ajili ya shida zao. Tarehe 1 Februari wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mtambo wa lori la taka walipojikinga na mvua. Siku 11 baadaye wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, waligoma. Mwezi Machi walitokea barabarani na mabango meupe yenye maandishi meusi yanayofanana, maneno manne tu: I AM A MAN. Neno AM lilipigiwa mstari.

Hapo mfasiri anatoka jasho. Mimi ni mtu? Mimi ni mwanamume? Vyote vimo, na bado kuna kinachobaki nje. Ajabu ni kwamba ufunguo tunao sisi wenyewe. Wazungu wa kusini mwa Marekani walimwita mtu mweusi boy, hata awe na wajukuu. Neno lilelile lilifika kwetu na wakoloni, tukaliandika boi: mpishi mwenye mvi, baba wa watu, boi. Aliyewahi kuitwa boi hahitaji kufasiriwa bango la Memphis. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono wagomaji, akapigwa risasi hukohuko tarehe 4 Aprili. Mgomo ulimalizika siku 12 baada ya kifo chake, chama chao kikatambuliwa na mishahara ikaongezwa.

Kiswahili kimelikabidhi bango kazi karibu zote hizo. Kuna mabango ya Mei Mosi yanayopitishwa mbele ya jukwaa la wageni rasmi, na kuna lile analoinua mama mwenye kesi ya shamba msafara wa kiongozi ukipita, akiomba Mungu gari lisimame. Yapo ya soda yenye ukubwa wa nyumba. Walimu wana bango kitita la kufunua karatasi baada ya karatasi, na Mombasa kuna muziki wa bango ambao hauhusiani na haya. Ukishuka uwanja wa ndege utamkuta dereva wa hoteli kashika lake lenye jina lako, limekosewa herufi mbili.

Lakini la lori lilinishinda. Kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari hutenganisha vitu viwili: alama ya msambamba yenye upande wa milimita 100 inayobandikwa kwenye pakiti ni lebo, na alama hiyohiyo ikiwa na milimita 250, ikabandikwa kwenye gari au kontena, ndiyo placard. Kwa petroli ni nyekundu, ina mchoro wa moto na tarakimu 3 pembeni ya chini, na namba ya mzigo ni 1203. Haiombi wala hailalamiki. Inaamuru, kama ile hati ya muhuri ya karne ya 15.

Mwishowe nilikwenda kwenye yadi moja ya malori Dar es Salaam. Utingo alikuwa nyuma ya tangi na kitambaa, anafuta tope juu ya ile alama. Nikamuuliza wao huiitaje.

"Hiki? Kibao cha moto, kaka," akasema, bila kuacha kufuta. "Trafiki asipokiona hatutoki hapa."

Nikarudi nyumbani, nikafuta bango mahali kumi na saba.