Chokaa ya Wazee na Kuvu Katika Nyumba za Mawe



Kila masika yaingiapo, kuta za nyumba nyingi za mawe katika miji yetu ya kale hutoa kuvu. Nguo hunuka, na wenye pumu hutaabika. Twasikia watu wakisingizia uzee wa nyumba. Lakini historia ya ujenzi yaonyesha sababu nyingine.

Wahenga wa Lamu na Mombasa walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashikanisha kwa chokaa na kuyapiga lipu ya chokaa. Kuichoma kulikuwa kazi ya mafundi: magogo yalipangwa kwa mviringo, mawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa, kisha mawe yaliyoiva yakamwagiwa maji, yakavunjika kuwa unga mweupe. Chokaa hiyo hushupaa polepole kwa kuvuta hewa, wala haiuzibi ukuta. Unyevu upandao kutoka ardhini, pamoja na ule uvutwao na chumvi ya bahari iliyomo mawe­ni, hupata njia ya kutokea. Tena chokaa mbichi ni kali, kuvu haistawi juu yake. Ndipo wazee walipozoea kupaka kuta mara kwa mara, si kwa urembo tu. Magofu ya Gedi, mji uliohamwa katika karne ya 17, Bwana James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, nayo yangali na lipu hiyo hapa na pale.

Mwaka 1954 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi, na saruji ikawa karibu. Hatuilaumu, kwa nguzo na matangi ya maji yafaa sana. Bali ukuta wa matumbawe uliovikwa saruji ni kama mtu aliyelowa kisha akavikwa koti la mpira. Maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, hujitokeza chumbani, na chumvi huibandua lipu. Naye mwenye nyumba, aonapo hayo, huongeza saruji!

Atakaye kutengeneza na aanze na paa na mifereji, maana kuta nyingi hulowa kutoka juu. Kisha aibandue saruji, afungue madirisha, auache ukuta ukauke miezi ya kaskazi, ndipo amwite fundi wa chokaa.