Kisahani cha Suzuki ya guka

Leo tuweke programu kando. Majuzi nilibeba injini ya Suzuki A100 ya guka kutoka Ruiru hadi kwa fundi mmoja wa jua kali pale Thika. Akaifungua, akatoa kisahani chembamba cha chuma, akachukua tupa. "Kijana, tukate hapa kidogo tu. Itaruka!"

Nikamwomba siku mbili. Hizo siku mbili nilizimaliza nikisoma historia, na ndiyo hii.

Injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli, ilibuniwa na Joseph Day wa Bath, Uingereza, mwaka 1891. Mwaka uliofuata mfanyakazi wake, Frederick Cock, akairahisisha: ukingo wa chini wa pistoni wenyewe ndio ufungue na kufunga tundu la kuingizia mchanganyiko. Rahisi, lakini ina bagi! Pistoni hushuka kwa njia ile ile iliyopandia. Tundu likifunguka digrii 75 kabla ya pistoni kufika juu, litafungwa digrii 75 baada ya hapo. Ukilipanua kwa tupa ili injini ivute zaidi, unachelewesha pia kufunga, na petroli inasukumwa kurudi kwenye kabureta. Kigezo kimoja, kazi mbili. Waandishi wa programu mnaujua huo uchungu.

Dawa ilipikwa Zschopau, Ujerumani Mashariki, katika kiwanda cha MZ. Walter Kaaden alichukua wazo la Daniel Zimmermann: kisahani kilichokatwa upande, kinachozunguka pamoja na krenki. Ukingo mmoja unafungua, mwingine unafunga, na kila mmoja unapangwa peke yake. Kufikia 1961 injini yake ya 125cc ilikuwa inatoa nguvu farasi 25, yaani 200 kwa lita, bila kusukumiwa hewa.

Septemba mwaka huo, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kujengwa, dereva wake Ernst Degner alitoroka baada ya mashindano ya Uswidi. Mkewe na watoto walivushwa wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari. Degner akaenda Suzuki na siri zote kichwani. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa 50cc, taji la kwanza la Suzuki.

Na A100, pikipiki ya kubebea magunia ya kahawa, ina kisahani cha aina hiyo hiyo ubavuni, nyuma ya kabureta.

Fundi alitaka kukata ukingo unaofunga. Spidi ingeongezeka, nguvu ya chini ingepungua. Mimi nilihofia jambo moja: tangu VAT ya pikipiki ndogo iondolewe mwaka 2008, barabara zimejaa za mipigo minne, na spea za A100 ni za kuokota. Chuma hakina bakap.

Nilipomweleza, mzee hakubisha. Alipekua mkebe wake akatoa kisahani kizee cha injini iliyokufa, akakata hicho. Cha guka tukakifunga kwenye gazeti.

Barabarani kuelekea Juja ile Suzuki iliruka kweli! Kisha guka akapakia gunia, akashika mteremko wa shambani kupanda. Ikazima mara tatu.

Akashuka, akanyoosha mkono. "Nirudishie changu."