Mti wa Sarufi Ulivyoingia Emacs

Kando ya Mto Potomac, Virginia, ipo Pentagon. Huko mwaka 1975 iliundwa kamati ya kutafuta lugha moja ya kompyuta, kwa sababu miradi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ilikuwa ikitumia lugha na lahaja zaidi ya 450. Mwenyekiti alikuwa Luteni Kanali William Whitaker. Orodha ya mahitaji iliandikwa upya mara kadhaa, na kila toleo likapewa jina gumu kuliko lililotangulia, kuanzia mtu wa majani makavu hadi mtu wa feleji. Wanajeshi nao wana utani wao.

Timu nne zilishindana. Mwaka 1979 ikashinda ile ya Mfaransa Jean Ichbiah, na lugha ikaitwa Ada, kwa heshima ya mwanahisabati Ada Lovelace. Ilikuwa lugha kali, isiyovumilia uzembe, na ndiyo iliyotumika kuandika sehemu kubwa ya programu za ndege ya Boeing 777, ambayo abiria wa Kenya Airways waliipanda kwa miaka mingi.

Kwa mwandishi wa programu, ukali huo ulikuwa na kero yake. Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuchanganua sentensi kwa mchoro wa matawi anaijua kazi ya kichanganuzi: kupokea mfululizo wa maneno na kutoa mti unaoonyesha kipi kimebeba kipi. Kila kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inacho kichanganuzi. Kihariri, yaani programu ambayo msimbo huandikwa ndani yake, kwa miaka mingi hakikuwa nacho.

Emacs, kihariri huria ambacho Richard Stallman alianza kukiandika upya mwaka 1984 kwa ajili ya mradi wa GNU, kilipaka maneno rangi na kupanga mistari kwa kulinganisha ruwaza za herufi. Kilikuwa kikikisia tu. Katika Ada, alama ya ritifaa huzunguka herufi moja, kama 'A', lakini pia huunganisha jina na sifa yake, kama Orodha'First. Ritifaa za matumizi tofauti zikikutana kwenye mstari mmoja, kama Character'('A'), ruwaza zinachanganyikiwa. Kisha toleo la Ada 2012 likaruhusu fangsheni isiyo na begin wala end, na kanuni za kukisia nafasi za mistari zikazidi kuelemewa.

Kwa nini basi Emacs isiazime mti kutoka kwa kompaila? Hapo ndipo historia inaponoga, maana kikwazo kikubwa hakikuwa cha kiufundi. Kompaila ya GCC ilikuwa ya mradi uleule wa GNU, na Stallman alihofia kwamba ikitoa mti wake wote nje, kampuni ingeuchukua na kuulisha programu yake ya siri, bila kurudisha chochote kwa jamii. Apple walipoufungua kwa umma msimbo wa kompaila yao ya Clang mwaka 2007, na baadaye ikapata maktaba ya kuwapa wengine mti wake, watumiaji wa Emacs wakaanza kutazama kwa jirani. Mabishano yalipamba moto mwaka 2014 na 2015. Hofu ya Stallman ilikuwa na msingi, lakini gharama yake ililipwa na watumiaji wake mwenyewe.

Kinaya ni kwamba lugha ya jeshi ilikuwa imefanya kinyume. Kompaila huria ya Ada, GNAT, ilianza Chuo Kikuu cha New York mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa fedha za jeshi la Marekani, ikajengwa ndani ya GCC yenyewe. Na mwaka 1999 kikapitishwa kiwango cha kimataifa kiitwacho ASIS, kinachoeleza namna zana nyingine zinavyoweza kuuliza maswali kuhusu mti wa programu ya Ada.

Hata hivyo ASIS ilitaka programu iliyokamilika. Kihariri hakina bahati hiyo: kinachokuwa mbele yake karibu kila dakika ni msimbo uliokatika katikati, mabano hayajafungwa, end haijaandikwa.

Kwa hiyo watu wa vihariri wakajitengenezea vichanganuzi vyao. Eric Ludlam aliandika Semantic, iliyoingizwa ndani ya Emacs 23.2 mwaka 2010. Kwa upande wa Ada, Stephen Leake aliandika upya kifurushi cha ada-mode na kukipa kichanganuzi kamili. Mwanzoni kichanganuzi hicho kiliandikwa kwa lugha ya Lisp ya Emacs, na mafaili makubwa yakakizidi nguvu. Kikahamishiwa kwenye programu ya pembeni iliyoandikwa kwa Ada yenyewe, kikapewa mbinu ya kurekebisha makosa kwa kubuni alama zilizokosekana, na baadaye uwezo wa kuchanganua upya sehemu iliyobadilika tu.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililoipa umaarufu Tree-sitter, kazi ya Max Brunsfeld, aliyekuwa GitHub. Mtumiaji akigusa herufi moja, matawi mengine ya mti hayaguswi, na kosa mahali fulani haliangushi mti mzima. Kihariri cha Atom kilianza kuitumia mwaka 2018. Atom yenyewe ilifungwa Desemba 2022, lakini kichanganuzi chake kilikuwa kimeshahamia kwingine: kihariri cha Neovim kilikipokea katika toleo la 0.5, Julai 2021, na Emacs katika toleo la 29.1, Julai 2023, kwa kazi iliyoongozwa na Yuan Fu.

Emacs 29 ilikuja na hali mpya za kuhariri, zinazotumia Tree-sitter, kwa lugha za Python, Rust, Go, Java na nyinginezo. Ada haimo. Anayeiandika bado hushusha kifurushi chake kutoka hazina ya GNU ELPA. Hata wa Python hapewi kila kitu mkononi: sarufi ya lugha huja peke yake, na mara nyingi humlazimu kuwa na kompaila ya C kwenye mashine yake ili aijenge mwenyewe.